Kampuni ikifunga lango, timu hubaki na nani?

*Ramisi ilipata jibu lake 1988, kiwanda cha sukari kilipozima mitambo. Kashiwa, mji wa Japani uliomtawaza Michael Olunga mfalme wa mabao, ulijiuliza swali hilo mapema zaidi.*

MPIRA uligonga boriti ya goli, ukapaa juu ya vichwa vya watazamaji na kutumbukia kwenye miwa. Kijana aliyeukimbilia alirudi ameubana kwapani kama kuku aliyechinjwa, umesinyaa. Kisiki cha muwa kilikuwa kimeutoboa.

Refa alipuliza kipyenga kwa mazoea tu, maana wachezaji walikuwa wameshakaa chini. Hapa Ramisi, Kwale, kando ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga, mpira mmoja ndio mpira wote. Hakuna wa akiba.

Kofia ikaanza kuzunguka. Mwendesha bodaboda akatumbukiza sarafu. Muuza madafu akaahidi kutoa chake jioni akishauza. Mzee mmoja aliyeegemea baiskeli akauliza swali lililonifanya nifunge daftari nisikilize: hii timu ni ya nani hasa?

Majibu yalikuwa mengi kuliko shilingi zilizokuwa kofiani. Kuna aliyesema ni ya kocha, kwa kuwa jezi zinalala kwake. Kuna aliyesema ni ya mwanasiasa aliyezinunua hizo jezi wakati wa kampeni. Wengine walitaka watu wawili watumwe kwa kampuni ya sukari wakaombe mpira mpya. Mzee wa baiskeli akacheka. Yeye, alisema, aliwahi kuiona kampuni ya sukari ikiondoka.

Mji uliojengwa na miwa

Kiwanda cha Ramisi kilianzishwa 1927, miaka michache baada ya kile cha Miwani upande wa Kisumu. Kwa miongo sita, chini ya kampuni ambayo wengi waliijua mwishoni kama Associated Sugar, ndicho kilichoamua nani apike nini kutoka Msambweni hadi Kikoneni.

Wafanyakazi walitoka kila pembe. Walikuwepo Wadigo wa hapa hapa, Wakamba, Waluo na Waluhya wa bara, na Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata miwa na mkonge. Hao Wamakonde walikaa miongo mingi bila karatasi. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia, na 2017 ndipo walipokabidhiwa vitambulisho. Ukitaka kujua kampuni inaweza kumleta mtu mahali, ikamtumia, kisha ikaondoka bila kumwachia hata jina, waulize wao.

1988 kiwanda kilifungwa. Nyumba za wafanyakazi zikabaki na watu wasio na mwajiri. Mashamba yakaota magugu, watu wakalima mahindi na mihogo palipokuwa na miwa, na mpira wa Jumapili ukabaki bila wa kununua jezi.

Karibu miaka 20 ilipita kabla ya Kwale International Sugar Company kupewa ardhi hiyo mnamo 2007 na kuanza kujenga upya. Miwa ikarudi, na pamoja nayo mzozo wa ardhi kati ya mwekezaji na familia zilizokuwa zimeshajenga na kulima humo. Huo una makala yake. Hapa linalotuhusu ni dogo zaidi, ingawa si rahisi: kampuni inapokuja mahali na kukuta vijana wanacheza, inapaswa kuacha nini nyuma yake?

Swali hilo limekuwa na haraka mpya Kwale. Base Titanium, iliyosafirisha shehena yake ya kwanza ya madini 2014, iliacha kuchimba Desemba 2024. Kampuni kubwa kuliko zote kuwahi kufanya kazi katika kaunti hii ilikuja na kumaliza katika muda wa mtoto kuzaliwa na kufika darasa la tano.

Klabu unazozijua bila kujua

Nitaondoka Ramisi kidogo, lakini si mbali. Teremka hadi Bodo, kwenye gati la kuvukia Funzi. Tazama nyuma ya boti. Mashine imeandikwa Yamaha. Rudi barabarani usubiri gari la Ukunda. Litakuja la Toyota, na bado kuna makanga wa makamo anayeliita nissani hata kama Nissan yenyewe imeshaondoka kwenye ruti. Lori lililobeba mawe ya kujengea ni Canter ya Mitsubishi. Jahazi lenye injini ya dizeli huenda linasukumwa na Yanmar.

Kila jina hapo ni timu ya kandanda.

Yamaha ndiyo iliyozaa Júbilo Iwata. Toyota ilizaa Nagoya Grampus, Nissan ikazaa Yokohama F. Marinos, Mitsubishi ikazaa Urawa Red Diamonds, na Yanmar ikazaa Cerezo Osaka. Hitachi ilizaa Kashiwa Reysol, na hapo ndipo Mkenya anapoingia.

Kijana aliyekuwa akicheza winga ya kulia siku ile mpira ulipopasuka alivaa jezi ya Harambee Stars, namba 14, Olunga mgongoni. Nilipomuuliza kama anajua Olunga aliwahi kucheza Japani, alinitazama kama nimemuuliza kama anaijua bahari.

> *Agosti 2018 Olunga alijiunga na Kashiwa Reysol. Miezi michache baadaye klabu ilishuka daraja.*

Mabao manane kwa dakika 90

Olunga alitua Kashiwa akitokea katika safari ndefu. Alikuwa amepitia Tusker, Thika United na Gor Mahia hapa nyumbani, Djurgården ya Uswidi, kisha China, na kipindi cha mkopo Girona ya Uhispania. Alikuta klabu imezama. Mwisho wa msimu wa 2018 Reysol iliteremshwa hadi daraja la pili.

Wachezaji wengi wa kigeni huaga siku kama hiyo. Yeye alibaki. Mwaka 2019 alifunga mabao 27 ya ligi, na Reysol ikatwaa ubingwa wa daraja hilo. Novemba 24, siku ya mwisho ya msimu, Reysol iliilaza Kyoto Sanga 13-1. Manane kati ya hayo yalikuwa ya Mkenya.

Mwaka uliofuata, viwanja vikiwa nusu tupu kwa sababu ya korona, alifunga mabao 28 katika mechi 32 za daraja la juu. Alitwaa kiatu cha mfungaji bora na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo hiyo Japani. Januari 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar.

Magazeti yetu yaliandika sana kuhusu mabao, na hapakuwa na ubaya. Ila sikumbuki kuona mahali tulipouliza: hii klabu iliyoshuka na kupanda kama ndoo ya kisima, mbona haifi?

Historia ya timu ya kiwandani

Reysol ilianza 1940 kama timu ya wafanyakazi wa Hitachi. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa waajiriwa wa kampuni waliofanya kazi zao kisha wakaenda mazoezini, kama ilivyo desturi ya michezo ya kampuni nchini humo hadi leo. Wakenya wanaijua desturi hiyo kupitia riadha: marehemu Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya 2008, aliwahi kukimbilia timu ya kampuni ya Toyota huko Kyushu.

Mwaka 1965 Japani ilianzisha ligi ya taifa yenye timu nane, zote za kampuni, na Hitachi ikawa mmojawapo wa waasisi. Mwaka huo huo, huku kwetu, Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya. Hakuna timu nyingine ya Pwani iliyolirudisha taji hilo tangu siku hiyo. Ukizingatia hesabu hiyo peke yake, ungesema tulianza nao sawa, au hata mbele.

Hitachi ilitwaa ligi 1972, na Kombe la Emperor mwaka huo huo na tena 1975. Baada ya hapo ikawa timu ya kawaida. Mpira wa Japani wenyewe ulikuwa umelala. Viwanja vilikuwa vitupu, kwani nani mwingine angeishangilia idara ya mauzo ya kampuni ya umeme zaidi ya jamaa wa idara ya mauzo?

Mnamo 1986 ukafanyika uamuzi ambao haukutikisa mtu wakati huo. Hitachi ilihamisha timu kutoka upande wa Tokyo na kuipeleka Kashiwa, mji wa mkoa wa Chiba, ambako kampuni ilikuwa na uwanja wake. Uwanja wenyewe si mkubwa, unaingiza watu wapatao 15,000, na majukwaa yako karibu na nyasi kiasi kwamba beki wa pembeni anasikia anachotukanwa.

Kisha ikaja J League. Ilianzishwa 1991 na mechi ya kwanza ikachezwa Mei 1993 kwa klabu kumi. Mwenyekiti wake, Saburo Kawabuchi, aliyewahi kuchezea timu ya kampuni ya Furukawa Electric, aliweka sharti lililowachoma wenye pesa. Klabu itakuwa kampuni inayojitegemea kisheria, itakuwa na mji wake, italea vijana wake wenyewe, na jina la kampuni mama halitakuwepo katika jina la klabu.

> *Pesa ya kampuni ilikaribishwa. Jina lake ndilo lililoachwa mlangoni.*

Hawakukubali wote. Yomiuri, wenye gazeti kubwa la nchi hiyo na timu iliyokuwa bora kuliko zote wakati huo, walitaka iitwe kwa jina lao. Kawabuchi akakataa. Hoja ya Yomiuri haikuwa ya kipumbavu: sisi ndio tunaolipa, kwa nini tusionekane? Mwisho wa muongo huo Yomiuri walijitoa. Timu yao, Verdy, mabingwa wa misimu miwili ya kwanza ya J League, ilihama mji na kuyumba miaka mingi.

Hitachi ilishika njia nyingine. Timu ikapewa jina Reysol, maneno mawili ya Kihispania yaliyounganishwa, mfalme na jua, kwa sababu jina Hitachi lenyewe linabeba maana ya jua linalochomoza. Ni ujanja mzuri. Kampuni imo ndani ya jina, lakini anayelitamka ni mtu wa Kashiwa na anauita mji wake. Reysol ilipanda J League 1995, na hadi leo Hitachi ni mwenye hisa na mfadhili.

Kushuka si kufa

Mafanikio hayakuja kwa mpangilio. Kombe la Ligi lilipatikana 1999 chini ya kocha Akira Nishino. Mwishoni mwa 2005 klabu ilishuka kwa aibu ya kutosha vizazi viwili: katika mechi ya mchujo dhidi ya Ventforet Kofu, mshambuliaji mmoja, Mbrazili Baré, aliwafunga mabao sita. Ikapanda. Ikashuka tena 2009.

Mwaka 2010 Reysol ikatwaa ubingwa wa daraja la pili chini ya Mbrazili Nelsinho Baptista. Mwaka uliofuata, huo wa tetemeko na tsunami, ikatwaa ubingwa wa daraja la kwanza. Hakuna klabu ya Japani iliyokuwa imewahi kupanda na kuchukua taji palepale. Iliimaliza ligi na pointi 72, Nagoya Grampus ya Toyota ikiwa na 71. Katika kikosi hicho alikuwemo beki Hiroki Sakai, kijana aliyelelewa na akademia ya klabu na ambaye baadaye alifika Marseille.

Desemba hiyo ilicheza Kombe la Dunia la Klabu. Iliitoa Monterrey ya Mexico kwa penalti, ikaangukia mikononi mwa Santos ya Neymar, 3-1, na kumaliza ya nne. Kombe la Emperor la msimu wa 2012 na Kombe la Ligi la 2013 yakafuata.

Mji uliiona timu yake ikizama mara tatu, ukaendelea kuja uwanjani. Hilo ndilo ningetaka msomaji alishike kabla hatujarudi nyumbani.

Makaburi yetu

Kenya nayo ina historia ya timu za kampuni, na ukiisoma ligi yetu mwaka kwa mwaka utadhani unasoma matangazo ya vifo.

Utalii, timu ya chuo cha utalii, ilitwaa ubingwa 1997. Iko wapi? Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa 2001 na 2002 mfululizo, na muda si mrefu ikatoweka. Rivatex ya Eldoret, timu ya kiwanda cha nguo, ilishinda kombe la taifa 1995.

Sukari imetuzika zaidi. Mumias Sugar ilishinda kombe la taifa 1996 na 1999. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa ligi 2006, na miaka 13 baadaye ilifukuzwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu kwa kukosa fedha. Bingwa wa zamani alikosa nauli. Msimu huo huo wa 2019/20 ndio ulioiona Chemelil Sugar nayo ikiporomoka.

Si kila timu ya kampuni imekufa. Tusker, iliyoanza kama Kenya Breweries, ina mataji 13 ya ligi. Bandari ya Mombasa, inayolelewa na Mamlaka ya Bandari, ilinyanyua kombe la taifa 2015 na tena 2019. Kule Tanzania, Mtibwa Sugar ya Morogoro ilizivunja nguvu Simba na Yanga kwa kutwaa ubingwa 1999 na 2000. Iliposhuka daraja 2024, ilirudi msimu uliofuata. Lakini angalia sababu: bia inauzika, meli zinatia nanga, sukari ya Mtibwa inasagwa. Uhai wa timu umefungwa kamba moja na uhai wa mizania.

Pande mbili za baraza

Pale Ramisi, kofia ikiwa bado inazunguka, baraza liligawanyika. Nimeshasikia mgawanyiko huo huo Ukunda, nje ya uwanja wa maonyesho ambako SS Assad, timu iliyobeba bendera ya Kwale katika Ligi ya Taifa ya daraja la pili, imekuwa ikicheza.

Upande wa kwanza unasema: tuacheni ndoto. Njaa haina heshima. Kama kuna kampuni inataka jina lake liandikwe kwenye jezi, kwenye goli, hata kwenye paji la uso la kipa, iandike. Kijana anayetoka Shirazi kwa miguu kuja mazoezini anahitaji njumu leo. Wanataja hoteli za Diani, wanataja sukari, wanataja kaunti.

Upande wa pili unasema timu ni ya watu, na watu wenyewe waichangie. Wanataja Gor Mahia na AFC Leopards, ambazo hazikuzaliwa na kampuni yoyote na bado zinajaza uwanja.

Ninaheshimu pande zote mbili, na sikubaliani na hata mmoja.

Wa kwanza wanasahau 1988. Wanasahau pia Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini wa michezo Kenya kwa mgogoro wa kodi na leseni, na klabu zilizokuwa zikilipa mishahara Jumatatu zikashindwa kulipa hata maji Ijumaa.

Wa pili nao wasidanganyike na kelele za mashabiki. Gor na Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya mishahara. Kuwa ya watu hakulipi mshahara kama hakuna anayejua watu hao ni kina nani, wanalipa ada gani, na nani anatia sahihi.

Hata kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Serikali yetu ilifanya hivyo karibu na 1980, ilipopiga marufuku majina ya kikabila: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Majina yalibadilika kwa amri. Mlango wa ofisi uliendelea kufunguliwa kwa ufunguo uleule. Japani nayo ilifuta majina, ila iliyafuta pamoja na kudai hati mpya za umiliki, mji na akademia.

Mji wa chuma

Atakayesema Ramisi ni ndogo mno kwa mazungumzo haya, nitampeleka Kashima.

Kashima ulikuwa mji wa watu wapatao 45,000 na kiwanda cha chuma cha Sumitomo. Timu ya kampuni ilikuwa daraja la pili. Ilipoomba kuingia J League, Kawabuchi aliwaambia kuwa nafasi yao ni karibu na sufuri, labda wajenge uwanja wa watu 15,000 wenye paa. Alidhani amewakatisha tamaa. Walijenga. Walimleta Zico, aliyekuwa amekaribia miaka 40, na katika mechi ya kwanza ya ligi mpya akafunga mabao matatu, Kashima Antlers ikishinda 5-0 dhidi ya Nagoya.

Kufikia 2016 Antlers ilikuwa na mataji manane ya ligi, na Desemba ya mwaka huo iliisukuma Real Madrid hadi muda wa nyongeza katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kabla ya kulala 4-2. Mwaka 2019 kampuni ya chuma iliuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa Mercari, kampuni ya biashara ya mtandaoni. Mwenye timu alibadilika. Timu haikuhama hata mita moja.

Ila nisiwapambe Wajapani kupita kiasi. Oktoba 1998 Yokohama Flügels ilitangaziwa kifo baada ya wafadhili wake, All Nippon Airways na kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo, kuzidiwa. Iliunganishwa na jirani na hasimu wake, Marinos. Wachezaji waliokwisha kuhukumiwa wakacheza Kombe la Emperor mechi baada ya mechi bila kufungwa, na Januari 1, 1999 wakalitwaa kombe katika mechi ya mwisho ya maisha ya klabu. Mashabiki waliokataa kwenda kwa Marinos wakaanzisha klabu yao kutoka chini. Inaitwa Yokohama FC, na 2007 ilikuwa ikicheza daraja la kwanza.

> *Kampuni iliondoka na timu. Mashabiki wakaondoka na mji.*

Kwale ina nafasi, kwa sasa

Kuna mambo yamekutana Kwale kwa wakati mmoja. Salim Mvurya, gavana wa kwanza wa kaunti hii, aliteuliwa waziri wa michezo mwishoni mwa 2024. Kenya ilikuwa mwenyeji mwenza wa CHAN Agosti 2025 na inajiandaa kwa AFCON ya 2027 pamoja na Tanzania na Uganda. Barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani kupitia JICA, imeifungua Pwani ya kusini bila foleni ya feri ya Likoni. Na miwa, pamoja na lawama zake zote, imesimama tena Ramisi.

Sisemi Ramisi itazaa Reysol. Hitachi ni kampuni yenye uwezo ambao bajeti ya kaunti nzima haiukaribii, na tofauti hiyo haifutwi kwa maneno ya gazetini. Lakini jambo walilolifanya Kashiwa 1986 na kuendelea halikuhitaji utajiri wa Hitachi. Lilihitaji karatasi. Walikaa chini wakati kampuni bado ina afya, wakaandika timu ni ya mji gani, uwanja ni wa nani, vijana watalelewa wapi, na kampuni itabaki na kiti kipi mezani.

Sisi huandika karatasi hiyo kampuni ikishafungasha. Na ikishafungasha, anayebaki mezani ni mfilisi, na mfilisi hajui winga wa kulia ni nani.

Waliokuwa uwanjani siku ile walikwenda kumtafuta fundi viatu. Alishona mpira akiwa ameketi kwenye kreti ya soda, akapaka gundi, na mechi ikaendelea giza likikaribia. Kofiani palibaki shilingi 40, na hapo hapo ukazuka ubishi wa nani azihifadhi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wale watakaovaa mashati yaliyopigwa pasi msimu ujao kwenda kubisha hodi kwenye ofisi za kampuni, iwe ya sukari, ya hoteli au ya mawe. Nendeni na karatasi mbili. Moja iwe ya kuomba jezi na mipira. Nyingine iseme timu ni ya nani siku lango litakapofungwa. Ombeni hiyo ya pili isainiwe kwanza.